MTUNGA SHANGA NAYE NI MFANYAKAZI

Nchi inayothamini jasho la watu wake haina budi kuwajua wale wanaolitoa jasho hilo. Twamjua mkulima wa pamba, twamjua kuli wa bandarini, twamjua dereva, mwalimu na mchimba madini. Lakini yuko mfanyakazi mmoja ambaye kazi yake twaiona kila siku, shingoni mwa bibi harusi, mkononi mwa mzee, masikioni mwa wasichana wetu, na bado jina lake hatulijui wala hatuliulizi. Huyo ni fundi wa mapambo: mama atungaye shanga nyumbani kwake, mfua shaba akaaye na mivukuto yake, sonara wa mjini katika kibanda chake, na kijana akataye vito. Leo twataka kunena habari zake, kwa sababu twaamini kwamba anapunjwa, na kwamba hupunjwa mchana, mbele ya macho yetu sote, tena mara nyingi kwa fedha zetu wenyewe.

Tazama jinsi mapambo yauzwavyo. Mnunuzi hukiokota kidani, hukigeuza, huuliza, “Bei gani?” Akishajibiwa huomba apunguziwe, akapunguziwa, akaenda zake. Hakuuliza nani amekitunga, wala katika kijiji gani, wala kwa siku ngapi. Na muuzaji naye, ikiwa aliulizwa, hujibu kwa neno moja tu: “Ni cha Kimasai.” Kana kwamba kabila zima lilikaa kitako siku moja, likatunga kidani kile kwa pamoja! Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora picha zake kwa rangi za nyumba hapa Dar es Salaam, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, latajwa hata Ulaya na Japani. Hilo ni jema. Twauliza tu: mbona mchoraji apewe jina, na mtunga shanga apewe kabila?

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni madogo. Watasema kwamba Chama cha wakulima na wafanyakazi kina mengi ya kushughulikia, barabara, mbolea, dawa za hospitali, na kwamba vidani na bangili ni anasa za matajiri na watalii. Twawajibu ndugu hao kwa heshima. Kwanza, pambo si anasa ya tajiri. Mama mchungaji asiye na kitanda wala kabati anazo shanga zake, naye huziona kuwa sehemu ya utu wake. Pili, kazi ya mapambo ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za mikono katika ardhi hii, na watu wanaoidharau huidharau historia yao.

Maana si maneno ya kujisifu tukisema kwamba watu walitunga shanga hapa zamani sana. Katika pango la Magubike, mkoani Iringa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamezipata shanga zilizochongwa katika ganda la yai la mbuni, zenye umri wa karibu miaka 50,000. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulilinganisha shanga za namna hiyo za Afrika ya Mashariki na za Afrika ya Kusini, ukaonyesha kwamba katika zama zile za kale zilifanana mno, ishara ya kwamba watu waliokuwa mbali kwa maelfu ya maili walikuwa na uhusiano. Basi ushanga ulikuwa salamu baina ya watu kabla ya kuwako barua, barabara na dola.

Hata pwani mambo yalikuwa hivyo. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, katika kijiji cha tangu karne ya 7 hadi ya 10, yamefukuliwa kwa wingi mno magae ya vyungu yenye mifereji. Mifereji hiyo ni alama ya kazi: watu walisugua humo vipande vya kombe hata vikawa shanga za mviringo. Na magae hayo yalionekana katika makao ya watu, si katika karakana ya mfalme. Watu wa kawaida, nyumbani kwao, kwa mikono yao, walifanya kazi hiyo bila kusimamiwa na bwana. Fundi anayejitegemea si jambo geni lililoletwa na maduka ya watalii. Ndiye mwenyeji wa kwanza wa kazi hii.

Baadaye zilikuja shanga za kioo kutoka ng'ambo, na katika karne ya 19 misafara ya kwenda bara ilizibeba kwa mizigo na mizigo, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Hapa pana jambo ambalo vijana wetu yafaa walijue. Yamkini mtu akadhani kwamba wageni walileta vitu vya kung'aa, na babu zetu wakavipokea kama watoto wapokeavyo peremende. Sivyo hata kidogo. Henry Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijitayarisha kwa safari yake, ilimpasa ajifunze kwanza ni shanga za rangi gani zinazokubaliwa wapi. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, na kwingineko zilikuwa hazina thamani. Nyekundu, zile samesame, zilitakiwa katika nchi ambazo zingezikataa nyeupe. Msafiri aliyekosea kuchagua rangi alikuwa na mzigo wa kokoto mabegani mwa wapagazi. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alieleza kwamba shanga za samesame zilipewa majina ya utani, moja likiwa na maana ya kumaliza chakula na jingine la kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani.

Fikirini maana yake, ndugu. Mwanamke wa Ugogo, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alikuwa na neno juu ya kiwanda cha Ulaya. Alipokataa rangi, rangi ile haikuuzika. Kioo kilikuwa chao, lakini hukumu ya uzuri ilikuwa yake.

Hivyo ndivyo ilivyo hata leo kwa akina mama wa Longido, Monduli, Ngorongoro na Simanjiro. Punje za kioo wanazotumia hutoka nje, nyingi zikitoka Ucheki na China. Zamani walizipanga katika kano za wanyama na kuzitenganisha kwa vipande vya ngozi. Leo hutumia nyuzi za nailoni, waya, na vipande vya plastiki vilivyokatwa kwa kisu. Vitu hivi vyote havina thamani kubwa. Kilicho na thamani ni kile kinachotoka kichwani mwa mama yule. Wenyewe hueleza kwamba wekundu ni damu na ushujaa, weupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho. Amelelewa katikati ya ng'ombe, katika lugha yenye jina la kila baka na kila mchanganyiko wa rangi ya ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo jicho lake lajua ni rangi gani ikae kando ya rangi gani, na wapi mfululizo ukatwe ili macho yasichoke. Huyo hafuati tu mila kwa upofu. Kila rika jipya la vijana huja na mitindo yake, na wasichana wa rika hilo hutunga namna ambayo mama zao hawakuitunga. Mila ni udongo. Mfinyanzi ni yeye.

Wala tusisahau jinsi upepo ulivyogeuka. Katika miaka ya 1967 na 1968 iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao ya asili na kuvaa suruali, ili waonekane watu wa kisasa. Leo picha za mavazi yale yale na shanga zile zile zimepamba mabango ya kuwakaribisha wageni. Kilichodhaniwa kuwa aibu sasa ni mtaji. Lakini mtaji wa nani? Hilo ndilo swali letu.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za Umasaini peke yake. Kando ya Ziwa Eyasi wako wahunzi wa Kidatoga. Huchukua kufuli mbovu, mabomba ya zamani na sufuria zilizotoboka, huziyeyusha juu ya makaa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, hupiga nyundo, kisha huchora kwa patasi mistari ya bangili. Huwafulia pia Wahadzabe vichwa vya mishale, na Wahadzabe huwapa asali. Takataka za mjini huingia motoni, hutoka pambo. Ikiwa mtu ataka kujua maana ya kujitegemea, asiishie kusoma vitabu. Na aende akamtazame mzee yule akifanya kazi. Na huku pwani, masonara wa Unguja na Lamu walijulikana kwa kufua kekee na timbi za mikononi, furungu za miguuni, vipini vya puani na mikufu ya fedha. Bibi zetu walizihifadhi kama akiba. Ilipofika siku ya njaa au ya ada ya shule, kekee ilitoka sandukuni ikaokoa nyumba.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1967 ulikuwa na mambo mawili makubwa katika Mkoa wa Arusha. Mwezi wa Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Na katika mwaka huo huo, huko Mererani, ambako siku zile kulikuwa ndani ya mkoa huo na leo kumo katika Mkoa wa Manyara, lilijulikana jiwe la buluu ambalo halijapatikana penginepo duniani. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililiita tanzanite. Basi hata jina la jiwe letu, ambalo ni jina la nchi yetu, tulipewa na muuza vito wa ng'ambo. Mwaka 2018, baada ya miaka zaidi ya 50, nchi yenyewe ilimtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wa jiwe hilo.

Jiwe hilo likitoka ardhini mara nyingi huwa na rangi ya kahawia. Huchomwa kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, likawa buluu na zambarau. Kisha hukatwa pande zake, husuguliwa, huwekwa katika dhahabu. Kila hatua huongeza thamani, na kila hatua ni kazi ya mikono yenye akili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya hatua hizo imefanyika Jaipur, nchini India. Ulijengwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo, ukazinduliwa Aprili 2018, nao umesaidia kuzuia wizi. Ni jambo jema. Lakini ukuta hulinda jiwe tu, hauwezi kumfundisha mtu kulikata. Juni 2020, Bwana Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo, aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.103, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Taifa zima lilimjua, likamshangilia, na alistahili. Twangoja kwa hamu siku ambayo taifa litamshangilia mkata vito wa Kitanzania kwa pete aliyoibuni mwenyewe.

Yawekeni sasa mambo hayo mawili katika mizani. Katika kidani cha shanga, kioo ni cha wageni na fikra ni yetu. Katika pete ya tanzanite, jiwe ni letu na fikra imekuwa ya wageni. Na katika yote mawili, faida kubwa imekwenda kwa mwingine! Kwa nini? Kwa sababu katika biashara ya mapambo mali haikai katika kioo wala katika jiwe. Hukaa kwa yule ambaye kazi yake inajulikana, ina jina, na ina mtu wa kuitetea bei yake. Jiwe lisilo na fundi ni kokoto ya thamani mfukoni mwa dalali. Na fundi asiye na jina ni kibarua wa kila apitaye.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Twawaheshimu wahenga, lakini biashara ya leo imekipita kisa hicho. Chema leo hakijiuzi. Huuzwa na mtu mwingine. Mama hutunga kidani kwa siku kadha wa kadha, katikati ya kuteka maji, kukamua na kulea. Mchuuzi hupita, akakinunua pamoja na vingine kumi kwa bei aliyoipanga yeye, kwani mama hajui bei ya mjini na hana nauli ya kwenda kuiuliza. Na pale ambapo mchuuzi huyo huyo ndiye aletaye punje za kioo kwa mkopo, mama huanza kazi akiwa mdeni na humaliza akiwa mdeni. Dukani kidani huwekwa kando ya vingine vilivyotoka katika mashine za ng'ambo, vya plastiki, vilivyoiga namna yake, na mnunuzi asiyejua huvihesabu kuwa sawa. Huo ndio unyonyaji. Haukuja na bunduki wala na kodi ya kichwa, umekuja na mfuko wa nailoni na daftari la madeni.

Nini basi kifanyike? Kwanza ni ushirika. Mtu mmoja hawezi kuagiza shanga kwa jumla, lakini watu 30 wanaweza. Mtu mmoja hawezi kumwambia mchuuzi “Hapana”, lakini kijiji kizima kikisema hapana, mchuuzi atakaa chini azungumze. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ipo, nayo haikuandikwa kwa ajili ya kahawa na korosho peke yake. Pili ni mtaji. Sheria yaagiza kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Twawauliza madiwani wetu: ni vikundi vingapi vya watunga shanga, wahunzi na wakata vito vimo katika orodha zenu? Kama havimo, je, ni kwa kuwa havikuomba, au ni kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuviambia?

Tatu ni haki ya kazi yenyewe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na inayo Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Wanamuziki wameijua njia ya kwenda huko. Mafundi wa mapambo bado. Maofisa na waifuate njia hiyo kwa upande wa pili, waende vijijini, wamweleze mama wa Longido kwamba namna aliyoibuni si kuni za porini zinazookotwa na kila mpita njia. Nne ni elimu. Kiko Arusha Kituo cha Jemolojia Tanzania, kinachowafundisha vijana kukata na kusanifu vito. Vituo vya namna hiyo viongezwe, na walimu wake wasiwe wale waliosoma vitabu tu, bali pia masonara wazee ambao ujuzi wao utazikwa pamoja nao tusipowahi.

Lakini twataka kusema na mafundi wenyewe pia, kwa maana anayewapenda watu huwaambia ukweli. Ndugu zetu, jina likiandikwa juu ya kazi ni heshima, tena ni deni. Mkufu ukikatika siku ya tatu, jina nalo limekatika. Anayeuza bati kwa jina la fedha, au kioo cha buluu kwa jina la tanzanite, hamwibii mtalii peke yake. Huwaibia mafundi wote waaminifu, maana yule mtalii atakwenda kwao akasimulie. Tungeni vizuri, pimeni kwa haki, semeni kweli juu ya madini mliyotumia. Wala msiiname mno mbele ya kila mnunuzi mkibadili kazi yenu kwa kila atakalo, hata mwishowe msijue wenyewe ni ipi yenu. Mwanamke wa Ugogo alimkatalia mfanyabiashara rangi asiyoitaka. Ninyi ni wajukuu zake.

Na sisi wanachama na wafanyakazi tunayo kazi yetu, nyepesi, isiyohitaji kamati. Mtumishi wa ofisini anayeoa mwezi ujao, kuli anayemnunulia mkewe hereni mwisho wa mwezi, mwalimu anayempa mwanafunzi wake zawadi: kila mmoja wao na aulize swali moja zaidi ya lile la bei. Na aulize, “Nani ameitengeneza?” Muuzaji asiyejua ataona haya, na kesho atajitahidi kujua. Viongozi wa matawi na wa Umoja wa Wanawake na wawaorodheshe mafundi walio katika maeneo yao, jina, kijiji na kazi, ili maonyesho ya Sabasaba yatakapofika, aitwe fundi mwenyewe asimame nyuma ya meza yake, asiitwe mchuuzi kusimama badala yake.

Juu ya bendera ya Chama chetu pamechorwa jembe na nyundo. Waliozichora hawakusema kwamba ile nyundo ni ya kiwanda kikubwa peke yake. Nyundo ndogo ya sonara, inayogonga polepole juu ya fedha, ni nyundo. Na sindano ya mama atungaye shanga ni dada yake. Anayeshika mojawapo ya hizo ni mfanyakazi kamili, na ujira wake ni haki yake, si sadaka yetu.